Uchumi si hesabu za benki tu

Hapa Bukavu, kijana akisema anafanya utafiti wa udaktari wa uchumi, ndugu humuuliza ataajiriwa na benki gani. Dhana hiyo ni ya zamani, na si sahihi. Raúl Sánchez de la Sierra, mwanauchumi, alichunguza makundi yenye silaha ya huku kwetu mashariki ya Kongo. Bei ya koltani, madini yanayotumika katika simu, ilipopanda mwaka 2000, makundi hayo yalikaa migodini na kutoza kodi, maana mzigo wa koltani haufichiki. Dhahabu huingia mfukoni. Bei yake ilipopanda, makundi yalitoza kodi vijijini, pale wachimbaji wanapotumia pesa yao. Huo ni uchumi kamili. Hata sambaza, samaki wadogo wa ziwani, nani avue na lini, ni swali la tasnifu.