Kwa Nini Waende Hadi Mwezini Wasitue?

Kila tunapozungumza na wanafunzi kuhusu safari za Mwezini, swali hili halikosi: mtu anafunga safari ya kilomita 384,000, anauzunguka Mwezi, kisha anarudi bila kuukanyaga? Si gharama ya bure hiyo? Jibu ni kwamba safari ya majaribio haina haja na Mwezi wenyewe. Kinachopimwa ni chombo, tena kikiwa na watu wanaopumua ndani yake.

Tuchukue safari ya Artemis II, jinsi ilivyopangwa na shirika la anga la Marekani, NASA. Wanaanga ni wanne: Reid Wiseman, Victor Glover na Christina Koch wa Marekani, pamoja na Jeremy Hansen wa Kanada. Chombo chao, Orion, kilitangulizwa kuzunguka Mwezi mwaka 2022 katika Artemis I, ila kikiwa kimebeba masanamu. Sanamu halitoi jasho, halitoi hewa ya ukaa, wala haliulizi choo kiko wapi. Watu wanne wakifungiwa chumba kimoja kwa siku kama kumi, hayo yote yanakuwa kazi ya mitambo.

Kurusha nako kuna yake. Roketi ya SLS, inayoibeba Orion, ina urefu wa mita 98 na hutumia haidrojeni kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Haidrojeni ni nyepesi mno na hupenya palipo na upenyo mdogo kabisa. Septemba 2022 ilivuja wakati wa kujaza matangi na urushaji wa Artemis I ukasitishwa. Watu huona kuahirisha ni aibu. Binafsi, nikisikia urushaji umeahirishwa, najua kuna mtu kazini anayesoma vipimo vyake kwa makini.

Roketi huelekezwa mashariki, juu ya Atlantiki, kwa kuwa Dunia nayo huzunguka kuelekea huko. Pale Florida mzunguko huo huizawadia roketi karibu kilomita 1,470 kwa saa kabla injini hazijawashwa. Kwenye ikweta zawadi ni kubwa zaidi, karibu 1,670, na hiyo ni sababu mojawapo ya Waitaliano kuweka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Hapo ndipo setilaiti iliyoitwa Uhuru iliporushwa, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri nchini Kenya.

Ikishatoka angahewani, Orion haikimbilii Mwezini. Kwanza hukaa karibu siku nzima ikiizunguka Dunia, kama nahodha anayejaribu jahazi jipya palepale nje ya bandari. Mfumo wa hewa ukigoma hapo, nyumbani ni saa chache tu. Ukigoma karibu na Mwezi, nyumbani ni siku nne.

Mambo yakiwa sawa, injini huwashwa kwa msukumo mmoja mkubwa kwenye njia iliyochorwa kama tarakimu 8. Chombo hupita nyuma ya Mwezi, uvutano wa Mwezi hukipinda, nacho hurudi kuelekea Duniani hata kama injini kubwa haitawaka tena. Njia ya aina hii iliwafaa sana wanaanga wa Apollo 13, safari ya Wamarekani ya kwenda Mwezini, mwaka 1970. Walikuwa wamekwisha kuiacha ili wakatue, tangi la oksijeni likalipuka, na ikabidi watumie injini ya chombo cha kutua Mwezini ili wairudie.

Apollo 8 ilikuwa na ujasiri zaidi. Desemba 1968, Frank Borman, James Lovell na William Anders waliingia kabisa kwenye mzingo wa Mwezi na kuuzunguka mara kumi, wakitegemea injini moja isiyo na mbadala iwatoe huko. Roketi yao, Saturn V, ilikuwa imerushwa mara mbili tu, na mara ya pili ilitikisika vibaya na injini mbili zikazimika mapema. Ilikuwa zama za mashindano na Wasovieti. Katika safari ya majaribio ya leo, mimi nisingeuidhinisha mpango huo.

Hata hivyo, uvutano wa Mwezi huwafikisha wanaanga wa Artemis II mlangoni tu mwa Dunia. Orion huingia angahewani kwa kasi ya karibu kilomita 40,000 kwa saa, na ngao yake ya joto hufikia nyuzi 2,760 hivi. Katika Artemis I, vipande vya ngao hiyo vilimeguka pasipotarajiwa. Wahandisi walichukua sampuli karibu 200 na kugundua kwamba gesi zilizozalishwa ndani ya ngao zilikosa pa kutokea, zikaipasua. Kwa Artemis II, NASA iliamua kutobadili ngao, bali kubadili njia ya kuingia angahewani, ili joto lisipate nafasi ya kurudia madhara yale. Uamuzi huo una hesabu nzuri nyuma yake, lakini hesabu ya ngao ya joto huthibitishwa kwa kushuka nayo, wanaanga wanne wakiwa wamekaa juu yake.