Mbuzi wa ploti, kisu na matumbo: maswali mnayoniuliza kila Disemba

Mimi nimekagua nyama kwa kichinjio hapa Nakuru miaka mingi, na kila ikikaribia Krismasi ama mtu akiwa na ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) simu yangu haitulii, juu kila mtu anataka kuchinjia nyumbani na nyumbani siku hizi ni ploti ya Kiamunyi ama Lanet yenye milango kumi na mbili na bomba moja. Maswali ni yale yale, kwa hivyo wacha niyajibu hapa mara moja. Na kabla uniulize: hii ni ya mbuzi wa kula wenyewe, nyama ya kuuza lazima ipitie kichinjio ikaguliwe na ipigwe muhuri, hio hatujadili.

Swali: Daktari, glavu za nini? Babu yangu alichuna na mikono mitupu na alifika miaka tisini.

Kwanza mimi si daktari, lakini sawa. Babu yako alikuwa na bahati, na pia ukiuliza vizuri utaambiwa kulikuwa na mwaka alilala na homa miezi miwili wakasema ni malaria. Hio mara nyingi ni bruselosi, inaingia kwa damu na maji ya uzazi ya mnyama kupitia kidonda kidogo tu kwa kidole, halafu unapata homa inayoenda na kurudi, jasho usiku, viungo vinauma, unatibiwa taifodi na malaria mpaka pesa inaisha kabla mtu afikirie kukupima hio kitu. Ukienda kliniki na homa ya aina hio sema tu, "nilichinja mbuzi wiki fulani", hayo maneno yatakuokolea vipimo vingi.

Halafu kuna Homa ya Bonde la Ufa, na hapa si mambo ya mbali, virusi vyake viligunduliwa 1931 kwa kondoo karibu na Ziwa Naivasha, hapa hapa kaunti yetu. Inakuja baada ya mvua kubwa mbu wakizaana, mlipuko wa 1997 na ule wa 2006 kuingia 2007 ilikuwa hivyo. Ukisikia mbuzi na kondoo wa eneo fulani wanatupa mimba kwa wingi baada ya mafuriko, hapo usiguse kisu kabisa, nunua kuku. Siku zingine glavu za mpira zile za kufulia zinatosha, bora hazina tundu, na ukiwa na kidonda kifunge plasta ndio uvae.

Swali: Nikipasua tumbo kila mara natoboa matumbo, nakosea wapi?

Unakosea kwa kuangaliza makali ya kisu chini. Nyama ya mnyama mzima iko safi ndani, uchafu unatoka pande mbili tu: kwa ngozi na kwa utumbo, na kazi yote ya mchinjaji ni kuzuia hizo mbili zisiguse nyama, mengine ni mapambo.

Mbuzi akishaning'inizwa, kata kwanza mzunguko wa njia ya haja kubwa na uifunge na kamba kabisa, kamba ya gunia iko sawa. Watu wengi wanaruka hii wakidhani ni mchezo, halafu vijibonge vinateremka mpaka kwa paja. Ukifika tumboni toboa tundu dogo, ingiza vidole viwili kama unapima joto la maji, vitenganishe, weka kisu katikati makali yakiangalia juu kwako na si kwa matumbo, vidole vinatangulia vikisukuma utumbo nyuma na kisu kinafuata polepole. Utasikia ngozi ya tumbo ikiachana kama kitambaa. Mwaka juzi kijana mmoja jirani yangu aliamua kufanya haraka juu watu walikuwa na njaa, akatoboa lile tumbo kubwa, yale majani mabichi ya kijani yakamwagikia mbavu zote na kwa sakafu ya ploti, harufu ilikaa siku tatu na mama wa mlango wa nne hakumsemesha mpaka Januari.

Ikitokea hivyo usimwagie ndoo ya maji, maji yanasambaza uchafu kila mahali. Kata sehemu iliyoguswa utupe, osha kisu, endelea. Kibofu pia na nyongo vivyo hivyo. Na tafadhali kisu cha kuchunia ngozi kisiwe ndicho cha kukatia nyama, hio ni njia rahisi ya kuleta kuhara kwa familia nzima.

Swali: Tumeamka tukapata mbuzi amekufa, bado ana joto. Tunaweza mchinja haraka?

Hapana. Hapana tena. Mnyama akifa ghafla bila kuugua, tumbo limefura, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani ama nyuma, hio ufikirie kimeta kabla ya kitu kingine. Mnakumbuka 2015 nyati walivyokufa kwa wingi ndani ya Lake Nakuru National Park, ilikuwa kimeta. Shida yake ni kwamba ukimpasua, vijidudu vinapata hewa vinajigeuza mbegu ngumu zinazokaa kwa udongo miaka na miaka, kwa hivyo umechafua ploti yako mpaka ya wajukuu. Msimguse, mbwa wafungwe, ita ofisi ya mifugo, wao ndio wanajua kumchoma ama kumzika kwa kina. Na kama mlishamgusa jana, mkaona kipele kinachowasha kikawa kidonda cheusi katikati, kisichouma hata, mkono umefura kando kando, kimbieni hospitali leo. Kinatibika na antibiotiki kikiwahiwa.

Swali: Ini lina vimalengelenge vya maji, tukate sehemu mbaya tukule ile nzuri?

Hivyo vimalengelenge ni vya minyoo, na hio minyoo inachekesha kwa ubaya. Ukikula hilo lengelenge mwenyewe haikushiki hivyo, njia yake ni mbwa: mbwa anakula ini, anapata minyoo, anatoa mayai na kinyesi, mayai yanakaa kwa manyoya yake, mtoto anamshika mbwa halafu anashika chapati. Miaka baadaye mtu ana uvimbe kwa ini saizi ya chungwa na anahitaji upasuaji. Kwa hivyo ini kama hilo, na mapafu, lichomwe liwe majivu ama lirushwe kwa choo cha shimo, usimrushie mbwa wako Simba hapo nje eti anakula mabaki. Najua anakuangalia na macho ya huruma.

Swali: Swara amegongwa na gari huku Gilgil, nyama ni mbichi kabisa, nani atajua?

KWS, lile shirika la serikali la wanyamapori, watajua. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya 1977 na sheria ya wanyamapori ya 2013 haijali kama ni wewe ulimuua, kupatikana tu na nyama bila kibali ni kesi. Na kiafya pia hujui alikuwa mgonjwa ndio akagongwa, na matumbo yanapasuka ndani kwa ile ajali. Wapigie simu uendelee na safari.

Swali: Kaka yangu yuko Marekani anatuma vidio akichuna kulungu nyuma ya nyumba yake mjini. Kwao ni sawa?

Kwao kuna miji mingi inaruhusu, mara nyingi kwa mshale, juu wale kulungu wa mkia mweupe wamejaa wanakula bustani na kugongana na magari. Lakini anahitaji leseni na ruhusa ya mwenye shamba, na matumbo hayaachwi nyasini, yanafungwa kwa mifuko miwili na kupelekwa jalalani. Mwambie aulize kuhusu ule ugonjwa wa kulungu kukonda, ulionekana mara ya kwanza Colorado 1967. Unasababishwa na prioni, protini iliyopinda, na kupika hakuiui. Haijathibitishwa kwamba mtu ameupata, lakini kulungu aliyekonda, anayedondosha mate na kuyumba, haliwi, na hata mzima apelekwe kupimwa kama eneo lina huo ugonjwa, na asikate ubongo wala uti wa mgongo. Kupe pia ajiangalie akivua nguo. Hayo mengine ya kamba na vidole viwili ni kama kwetu tu, na joto likiwa juu wao wanajaza mifuko ya barafu ndani ya tumbo, hio nimeipenda.

Swali: Nyama nikiiweka friji moja kwa moja inanuka kesho yake, kwa nini?

Umeijaza ikiwa bado moto, mapande makubwa yamepandana, katikati joto halitoki masaa. Ikate vipande, ipanue kwa trei, ipoe kivulini kidogo na nzi wakifukuzwa, halafu iingie friji kabla masaa mawili yaishe, friji iwe digrii 4 kushuka. Meza na visu sabuni kwanza, suuza, ndio Jik (ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo), kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4 za maji. Ukiweka Jik juu ya damu inafanya kazi bure.

Swali: Nimejikata wakati wa kuchuna.

Acha mbuzi, osha na maji yanayotiririka na sabuni dakika kadhaa, kidonda kirefu enda upate sindano ya pepopunda kama hukumbuki ya mwisho. Mwingine amalizie kuchuna, kuna watu kumi hapo wamekaa tu wakingoja supu.