Je, wajua jina la ukingo wa barabara kwa Kiingereza lilianzia kwenye taya la farasi?

Ule ukingo wa mawe au zege unaotenganisha barabara na njia ya waendao kwa miguu, Waingereza huuita "kerb" na Wamarekani "curb". Neno ni moja. Limetoka Kifaransa cha kale, "courbe", nacho kililipata kwenye Kilatini "curvus", yaani kilichopinda. Lakini mawe hayo mara nyingi hupangwa yakanyooka kama uzi! Huko kupinda kumetoka wapi?

Kwenye taya la farasi. Mwishoni mwa karne ya 15, "curb" ulikuwa ukanda au mnyororo mfupi unaopita chini ya taya na kushikizwa kwenye lijamu, huku na huku. Umepinda kwa kuwa unafuata umbo la taya. Mpandaji akivuta hatamu, lijamu hugeuka mdomoni, ukanda ukabana, na farasi aliyetaka kutimka akapunguza mwendo. Ndiyo maana neno hilohilo lina maana ya kudhibiti: mtu hudhibiti hasira zake au matumizi yake kwa kitenzi kilichotoka kwa farasi.

Karne ya 16 neno likahamia kwenye fremu inayozungushiwa kitu ili kukizuia, kama ile ya mdomo wa kisima. Mwaka 1731 linaonekana kwa maana ya ukingo wa vitalu vya bustani, na mwaka 1791 kwa mawe ya kando ya barabara. Safari ndefu, ila wazo la kuzuia halikuachwa njiani.

Kitu chenyewe ni cha kale kuliko jina. Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK, una njia za miguu zilizoinuliwa na kukingwa kwa mawe.

Na mawe hayo huzuia kwelikweli. Maji ya mvua hubaki upande wa barabara hadi yafike kwenye mfereji, na gurudumu lililopotea njia hukutana na kizuizi kabla ya kuwafikia watu. Kazi isiyoonekana ndiyo ninayoistahi zaidi. Juu ya lami hujitokeza kama sentimita 10 hadi 15 tu. Sehemu iliyobaki imefukiwa na kukazwa kwa zege, ikiibana barabara ubavuni ili kingo zake zisimeguke magari yanapopita.