Mbegu Chotara ya Mahindi Haikutiwa Dawa ya Utasa
Baadhi ya wakulima huamini kwamba mbegu chotara, yaani iliyotokana na kuchanganya aina mbili tofauti za mahindi, hutiwa dawa ili isizae ikirudiwa kupandwa. Rangi iliyopakwa mbegu hiyo ni ya dawa ya kukinga wadudu na kuvu tu. Mbegu iliyohifadhiwa kutoka kwa mavuno yake huota; kinachobadilika ni urithi. Mahindi yana jozi 10 za kromosomu, yaani nyuzi za DNA zinazobeba urithi, na seli za uzazi zinapoundwa, protini SPO11 hukata DNA, kisha protini nyingine, RAD51 na DMC1, huongoza ncha zilizokatika hadi kwa kromosomu mwenza, ambako, jambo la kustaajabisha kweli, vipande hubadilishana. Hivyo mimea ya kizazi kinachofuata hutofautiana, na nguvu ya uchotara, yaani ustawi wa ziada unaotokana na kuchanganya aina mbili, hupungua. Anayetaka kuhakikisha apande mistari miwili, mbegu mpya na iliyohifadhiwa, kwa mbolea ileile, alinganishe urefu wa mimea.