Paja limejaa, lakini limejaa nini? Dhana potofu na ukweli kuhusu ultrasaundi ya misuli

Kila msimu wa karafuu huku Pemba wapo wachumaji wanaoanguka mikarafuuni na kuvunjika miguu. Plasta ikishatolewa, jamaa hulibinya paja kwa vidole, wiki baada ya wiki, mpaka siku moja waseme: "Limerudi."

"Paja limejaa, misuli imerudi." Si lazima. Utepe wa fundi cherehani huzunguka vyote: ngozi, mafuta, misuli, mfupa, na maji ikiwa mguu umevimba. Ultrasaundi huvitenga tabaka kwa tabaka. Mafuta yako juu, misuli ya mbele ya paja chini yake, kisha mfupa, unaong'aa kama mstari mweupe. Hapo unene wa misuli husomwa kwa sentimita.

"Ile ni mashine ya wajawazito, tena ina mionzi." Ni mawimbi ya sauti tu, yaleyale yanayomwonesha mtoto tumboni. Eksirei ndiyo yenye mionzi.

"Misuli huisha uzeeni tu." Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013 uliwapima wagonjwa mahututi 63 kwa ultrasaundi. Ndani ya siku 10, ukubwa wa msuli mmoja wa mbele ya paja ulipungua kwa wastani wa karibu asilimia 18. Siku kumi tu kitandani!

"Mashine ikishasoma, imesoma." Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwani mkono wa mpimaji una kauli kubwa. Misuli ni laini: ukikandamiza kile kichwa cha mashine, inabonyea na kuonekana nyembamba. Jeli iwe nyingi, mkono uwe mwepesi. Kichwa kikilala mshazari, msuli huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Mgonjwa alale chali, goti limenyooka, mguu ameulegeza kabisa, maana hata kukaza kidogo hunenepesha msuli. Na pahala pa kupimia pawe palepale kila safari. Mpimaji aandike ni sentimita ngapi juu ya goti. Kipimo cha hospitali ya Chake Chake na cha ile ya Mnazi Mmoja, Unguja, kila kimoja kikichukuliwa pahala pake, havilinganishwi.

Rangi nayo itazamwe. Misuli iliyoingiliwa na mafuta huonekana nyeupe zaidi, na inaweza kuwa nene bila kuwa na nguvu.

Kwa mchumaji wetu, mguu wa pili, ule usiovunjika, upimwe siku ileile, kwa mkono uleule. Huo ndio wa kuulinganisha na uliovunjika.