Ada na Faini za Mahakama Hazibaki Wilayani
Ujumbe unaozungushwa katika makundi ya gumzo nchini Uganda hudai kwamba mahakama ya wilaya ikiongezewa mamlaka, wilaya hutajirika kwa ada na faini. Sivyo. Hakimu wa Daraja la Kwanza, na Hakimu Mkuu aliye juu yake, kila mmoja husikiliza madai yasiyozidi kikomo cha fedha kilichowekwa na sheria. Kikomo hicho kikipandishwa, majalada huhamia meza nyingine, lakini fedha huelekea palepale, kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali unaotajwa katika Ibara ya 153 ya Katiba. Itazame risiti yako ya benki: mlipwaji ni serikali kuu, si wilaya. Kuchanganyikiwa kunaeleweka, kwa kuwa ushuru wa soko kweli ni mapato ya serikali za mitaa. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.