Brasserie: soma menyu ukifikiria jiko

Watu wakiingia brasserie, yaani mgahawa mkubwa wa mtindo wa Kifaransa, ya katikati ya jiji, ile yenye vioo kila ukuta na weita wa aproni ndefu nyeupe, wanaanza kuogopa uma na visu badala ya kujiuliza swali moja tu la maana, hiki chakula kilianza kupikwa saa ngapi? Mimi ni mpishi na nawaambia menyu nzima imekaa hapo.

Hizi sehemu asili yake ni za bia, nyingi za kwanza kule Paris zilikuwa za watu wa Alsace, eneo la mashariki mwa Ufaransa mpakani na Ujerumani. Brasserie ya Bofinger ipo tangu 1864, ya Lipp ikaja 1880, na katikati hapo ilipigwa vita ya Ufaransa na Ujerumani ya 1870–71, Ujerumani ikaichukua Alsace na watu wengi wakahama wakaja na bia yao na choucroute, yaani kabichi iliyochachushwa inayopikwa na soseji na nyama ya nguruwe. Sasa angalia hicho chakula, kinakaa kwenye moto mdogo masaa hakiharibiki, mteja aje saa sita mchana au saa tano usiku anakikuta. Ndiyo maana brasserie inaweza kupokea watu mfululizo kutwa nzima wakati restoranti za kawaida za Ufaransa zinafunga jiko baada ya chakula cha mchana mpaka jioni.

Kwa hiyo jikoni kwetu kuna pande mbili. Upande wa sufuria ni vile vilivyoiva kabla hujafika, mfano confit ya bata, mguu umepikwa taratibu ndani ya mafuta yake zamani, wewe ukiagiza tunakausha ngozi tu iwe karakara. Ukiwa na haraka au ukumbi umejaa, agiza upande huu, utanishukuru. Chakula cha siku nacho kiko huku, na wale wanaosema ni makombo ya jana, jamani, kwenye jiko linalojiheshimu hicho ndicho tulichonunua kingi asubuhi na tumekiandalia nafasi, mchana kinatoka fasta na usiku mara nyingi kimeisha.

Upande wa pili ni vya papo kwa papo, na mfalme wake ni steki na chipsi. Chipsi nzuri zinakaangwa mara mbili, kwanza mafuta ya kama nyuzi 150 ziive ndani, zipumzike, halafu nyuzi 180 na kitu zipate rangi. Steki ndo penye ugomvi, maana kwa Wafaransa ukisema à point, jina la steki iliyoiva wastani, unaletewa nyama ya pinki kabisa katikati, kwa mpishi iko sawa ila mteja anaona mbichi anairudisha. Usitegemee jina, mwambie weita unataka pinki kiasi gani. Na ukitaka iive kabisa sema mapema, kipande kinene kinachukua muda na kikitoka motoni lazima kipumzike dakika kadhaa, na kwa kuwa sahani za meza moja zinatoka pamoja basi wenzako wote wanakusubiri wewe.

Chaza wana kaunta yao ya barafu, kwa Wafaransa mara nyingi iko mlangoni kabisa, na fundi wao wa kuwafungua, kwa hiyo hawagusi foleni ya jiko letu. Wanafunguliwa ukiagiza, wakiwa hai, na wanatakiwa wanuke bahari tu, akinuka vingine mwache.

Menyu ya kurasa nane mimi inanitia shaka, hakuna jiko linalopika vyote hivyo freshi, hapo friza inahusika. Ukurasa mmoja unatosha.

Ukimaliza laza kisu na uma sambamba kwenye sahani, weita anakuona hata amekupa mgongo, vile vioo si urembo peke yake. Ila bili usikae kuisubiri, kwa Wafaransa kuileta hujaitwa ni kama kukufukuza, iombe mwenyewe, na huko Ufaransa malipo ya huduma yameshaingia ndani ya bei kwa hiyo ukiacha chochote juu yake ni hiari yako.